Mtoto Kwanza, Mnunuzi Baadaye: Mnada wa Picha za Vitabu na Ziara za Waandishi Mwambao wa Kismayu



Kitabu cha watoto cha kurasa 24 huwa na picha kumi na mbili hivi. Kikishachapwa, zile karatasi alizozichora msanii kwa mkono wake huishia katika bahasha chini ya kitanda, zikawa chakula cha mende na unyevu wa pwani. Mada yangu inahusu karatasi hizo. Nasema zikinadiwa zinaweza kumlipia mwandishi safari ya kwenda kukaa na watoto wa Kismayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Na nasema mnada huo uwe na sharti: mtoto azione kabla ya mnunuzi.

Soko lipo. Julai 2018 ramani ya msitu wa kitabu cha watoto cha Winnie-the-Pooh, iliyochorwa na E. H. Shepard, iliuzwa katika mnada wa Sotheby's, London, kwa pauni 430,000. Hilo ni soko la matajiri na silifanyi kipimo chetu. Mfano unaotufaa zaidi ni makumbusho ya Eric Carle huko Amherst, Marekani, yaliyofunguliwa 2002, ambayo hunadi picha za vitabu vya watoto ili kuchangia kazi zake. Hapa jirani, Nairobi, Circle Art imekuwa ikiendesha minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013. Wanunuzi wa kupandishiana bei tunao. Hatujawawekea mbele mchoro wa kitabu cha mtoto wa visiwani.

Mtauliza kwa nini tusiiachie serikali. Katiba ya muda ya Somalia ya 2012 inakitaja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Kibajuni, lugha ya visiwa vyetu, hakimo. Sina ugomvi na Kisomali, watoto wetu wanakihitaji. Lakini lugha isiyo na nafasi darasani haitengewi fungu la vitabu, na anayeiandika hana shule ya kumwalika. Juu ya hayo kuna mtawanyiko: tangu dola ilipoanguka 1991, jamaa wengi walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine wakafika hadi Uingereza. Mzee anayezijua nyimbo za vave za wakulima au kimai za wavuvi huenda yuko Mombasa, na mjukuu wake yuko Kismayu. Ziara ya mwandishi, nikiitazama hivyo, ni njia ya kuwakutanisha tena, na sidhani kuna matumizi bora ya fedha za mnada kuliko hayo.

Hebu tuuchukue mchoro mmoja ambao ningetamani uwepo: uvuvi wa kasa kwa samaki aitwaye chazo. Wabajuni walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia majini aende akamgande kasa kwa kile kibandiko cha kichwani, kisha wakavuta polepole mpaka kasa akafika ubavuni mwa chombo. Mtafiti Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima juu ya wavuvi hawa, kikatoka 1955, ila ni cha Kiitaliano. Kasa leo analindwa na kitabu cha mtoto lazima kiseme hivyo, lakini akili ile ni ya babu zake mtoto huyo na anastahili kuijua.

Sasa mtoto aoneshwe karatasi ya asili. Ataona kamba ya chazo imechorwa kwa penseli na kufutwa na kuchorwa tena, na alama ya kifutio bado ipo. Ataona rangi nyeupe iliyofunika mkono wa mvuvi uliokuwa mrefu mno. Pembeni ataona mishale na maneno ya kumwelekeza mchapaji. Kitabu kikitoka kiwandani huwa kimeyaficha yote hayo, na mtoto hudhani vitabu huteremka kutoka mahali fulani vikiwa vimekamilika. Mwenye kuuona ule mkono uliokosewa, na aliyeukosea amekaa mbele yake, naye hutaka penseli.

Kwa hiyo karatasi zisafiri na mwandishi na mchoraji. Zilazwe kati ya mbao mbili nyembamba na zifungwe nailoni juu ya nailoni, maana rasharasha moja ya maji ya chumvi inatosha kuharibu rangi ya maji. Nyuma ya kila moja mwalimu aandike jina la shule na tarehe, kwa penseli, kwani wino hupenya. Maandishi hayo yatapandisha bei: mnunuzi atakuwa ananunua na safari ya karatasi ile. Ziara ya kwanza itabidi tuichangie wenyewe. Zitakazofuata zitalipwa na mnada.

Kuhusu mnada wenyewe, sote tumeuona wa samaki ufukweni. Dalali ana haraka kwa sababu jua linapanda na samaki ataoza. Picha iliyotunzwa haiozi, basi haraka ile tusiichukue. Kila picha iwe na bei ya chini, na isipofikiwa irudi mkobani ingoje mwakani.

Nalipinga kabisa wazo la kuwaomba wachoraji watoe kazi bure. Msanii ana kodi ya nyumba. Apate thuluthi kabla ya hesabu nyingine yoyote. Tuseme picha 12 zimeuzwa kwa wastani wa shilingi 20,000 za Kenya: ni 240,000, msanii ana 80,000, na ziara zina 160,000 kabla ya gharama za mnada. Na mnunuzi aandikiwe wazi kwamba amenunua karatasi, hakununua haki ya kuchapa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2019, inampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara, tuitumie.

Ratiba iifuate bahari. Kusi linapovuma, Mei hadi Agosti, mashua ndogo hazina salama kati ya visiwa. Huo ndio wakati wa kunadi, Nairobi au Mombasa. Septemba fedha ziwe mkononi, na ziara zianze maji yakitulia, ziendelee katika kaskazi. Ramadhani huhama, nayo itazamwe.

Usalama sitaurefusha: hatumpeleki mwandishi mahali ambapo wenyeji hawajasema njoo. Tuanzie Kiunga, Ndau na Kizingitini, upande wa Kenya, kwa Wabajuni wa huko, kisha Kismayu mjini, na visiwani pale wazee wa huko watakapoturuhusu.

Limebaki suala la mfuko. Fedha za mafuta ya mashua na posho ya mwandishi huyeyuka upesi mno zikishikwa na mtu mmoja. Washike watatu: mwalimu kutoka Kismayu, mchoraji, na mzazi kutoka kwa walio nje. Hesabu isomwe mbele ya wazazi kila baada ya ziara. Naomba kikao kiwachague hao watatu leo kabla hatujaondoka, na wachoraji waliomo ukumbini waseme ni nani bado ana picha ambazo hajaziuza.