Mtoto apimwe kwa lugha anayosikia

Bandugu vijana wa Makiso, Mangobo na Lubunga,

Tangu wakati wa UNAZA, miaka ya 1970, fakilte ya saikolojia na elimu iko hapa Kisangani. Wengi wetu tumetoka pale na diploma, kazi hakuna. Kumbe mtoto asiyesikia vizuri anaitwa mjinga, anarudilia mwaka, mwisho anabaki nyumbani. Nani alimpima?

Jaribio la Binet na Simon la 1905 lilitengenezwa kwa watoto wa Paris. Ukimuuliza mtoto wa Mangobo kwa Kifaransa, unapima Kifaransa, si akili!

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu iko. Tunaomba serikali ya jimbo itupeleke mashuleni: masikio na macho kwanza, kisha maswali kwa Kiswahili ao Lingala, mama yake akiwa pale.