Kilichofichwa Ndani ya Flashi

Mwezi wa Juni saiba za Kangema, nchini Kenya, yaani vibanda vya kompyuta na intaneti, hujaa. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ritani zake za kodi, na mkulima wa chai aliyetoka Kanyenya-ini hupanga foleni pamoja na mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Michuki aliyeleta ripoti ya kuchapishwa. Flashi moja inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta mbili tatu kabla ya jua kutua. Hapo ndipo mtu hufungua flashi yake na kukuta folda zote zimegeuka shortikati, yaani njia za mkato.

Wengi huamini kazi yao imefutika. Haijafutika. Kirusi cha aina hii huzitia folda za mwenyewe alama mbili: ya kufichwa, na ya kuonyesha kuwa ni mali ya mfumo wa Windows. Kisha huweka shortikati zenye majina yale yale. Anayebofya shortikati huamsha kirusi kwanza, ndipo folda ya kweli inafunguka, naye hashuku lolote. Zamani virusi havikuhitaji hata kubofywa, kwa kuwa Windows iliweza kuendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi mara tu ilipochomekwa. Mnamo Februari 2011 Microsoft ilisambaza rekebisho la kuzima tabia hiyo. Tangu hapo kidole cha mwenye flashi ndicho kimekuwa mlango mkuu.

Dawa inayotolewa haraka kaunta ni kufomati. Ni dawa mbaya, kwa sababu inaondoa kirusi pamoja na ripoti ya muhula mzima ambayo muda wote ilikuwa pale pale, imefichwa tu.

Njia salama hupitia lile dirisha jeusi la amri, na huanza kwa kutazama. Mhudumu huingia kwenye herufi ya flashi, tuseme E, kisha huandika dir, nafasi, mkwaju, a, nukta pacha, h. Faili na folda zilizofichwa hujipanga mbele yake bila chochote kuguswa. Akiona folda za mteja, huzirudisha kwa amri iitwayo attrib, akiondoa alama ya h na ya s kwa kutanguliza kistari cha kutoa. Zikishaonekana, huzinakili mahali pengine. Kufuta kunakuja mwisho kabisa: del, mkwaju, a, nukta pacha, h, halafu mkwaju na p, na jina la kinachofutwa. Hiyo p ndiyo kinga, maana huilazimisha kompyuta kuuliza kwa kila faili: nifute au nisifute? Anayeiacha kwa haraka ajue kwamba kinachofutwa kwa amri hakipiti kwenye pipa la taka la Windows.

Wanaotumia Linux wana desturi nyingine. Kwao faili hufichwa kwa kuanza jina lake na nukta. Rob Pike, aliyekuwa mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, amesimulia kwamba jambo hilo lilitokea bila kukusudiwa. Mtunzi wa amri ls, inayoorodhesha faili, alitaka tu kuruka majina mawili, nukta moja na nukta mbili, yanayosimama kwa folda yenyewe na folda iliyo juu yake. Akaiandika programu iruke kila jina lenye nukta mbele, na dunia nzima ikarithi njia yake ya mkato. Faili hizo za nukta si takataka: humo mna mipangilio ya mtumiaji na funguo zake za siri. Hata amri ya find, ambayo ni nzuri kwa kuzisaka, ina mtego. Neno delete likiwekwa mwishoni, baada ya masharti, hufuta kilichosakwa. Likitangulia masharti, hufuta kila kitu.

Wakubwa pia wameumia. Mwaka 1998, studio ya Pixar ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja ya kufuta ilianza kula faili za filamu hiyo, na nakala za akiba zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi, aliyekuwa akifanyia kazi huko kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga.

Upande wa pili, wa kinachobaki baada ya kufuta, unawahusu wateja zaidi. Kitambulisho kilichoskaniwa saiba kinaweza kufutwa na bado kikaacha alama. Kwenye kompyuta za Windows XP, faili iliyofichwa ya Thumbs.db ilihifadhi picha ndogo za kila picha iliyokuwa ndani ya folda, hata baada ya picha yenyewe kuondolewa. Na kufuta kwenyewe, kwenye flashi nyingi, ni kubadilisha herufi ya kwanza ya jina katika orodha na kuiachia nafasi yake; data hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana programu ya bure kama PhotoRec huweza kurudisha picha za harusi zilizofutwa kwa bahati mbaya, mradi flashi isitumike tena kabla ya kuokolewa. Na ndiyo maana mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, baada ya kununua diski kuukuu 158, walikuta ndani yake maelfu ya namba za kadi za mkopo.

Windows ina amri ya cipher ambayo, ikipewa mkwaju na w, hupita mara tatu juu ya nafasi tupu ya diski na kufunika mabaki. Kwa diski za kawaida za saiba inatosha, ila kwa flashi haina uhakika huo, kwa jinsi chipu zake zinavyogawa nafasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kudai data zake zisizohitajika tena zifutwe. Mama aliyeskani kitambulisho Kangema anaweza kusimama pale kaunta mpaka aione nakala yake ikiondolewa, na mhudumu anapaswa kumwonyesha bila kununa.