MAELEZO KUHUSU UOTESHAJI WA MITI YA ASILI KATIKA VIRIBA





Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara. Walihitaji kuni za kupikia na fito za kujengea, na pori lililoizunguka kambi ya Benaco likakatwa. Wengi wao walirejea kwao Desemba 1996, visiki vikabaki.

Anayetaka kurejesha miti ya asili ya Ngara na Biharamulo hana budi kuanza na mbegu. Mbegu za mgunga zina ganda gumu: zimwagiwe maji ya moto, zilale humo usiku mmoja, ndipo zisiwe. Mninga hutaka subira zaidi. Tunda lake lenye bawa na miiba hupasuliwa kwa uangalifu, na si kila mbegu huota.

Viriba vijazwe udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza, na kitalu kiwekewe kivuli. Mizizi itokayo chini ya kiriba ikatwe. Kabla ya kupelekwa shambani, miche izoeshwe jua na maji yapunguzwe. Siku ya kupanda, kiriba kiondolewe. Kikiachwa, mizizi hujisokota na mti hudhoofika.

Atakayesia mgunga mwezi Julai atakuwa na miche ya kupanda kwa mvua za Novemba. Mti hukatwa kwa dakika chache na hukua kwa miaka mingi, basi tusichelewe.