Benga Jukwaani: Elimu ya Kiongozi Mkongwe
(Mhadhara wa umma, Soweto East, Kibera)



Hoja yangu leo ni moja. Elimu ya kiongozi mkongwe wa bendi ya benga, muziki wa gitaa ulioanzia kwa Waluo, iko jukwaani, mbele ya watu wanaocheza. Asipokuwa na pa kupigia, elimu hiyo hupotea hata kama santuri zake zote zimehifadhiwa.

Mtazameni Daniel Owino Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 pande za Shirati, Tanzania, akavuka mpaka kuja Kenya, akaiongoza bendi ya Shirati Jazz hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Wapigaji wa benga waliichukua nyatiti, ala ya nyuzi nane, wakahamishia udonoaji wake kwenye gitaa. Misiani akaongeza mafumbo yaliyowakera wakubwa, akakamatwa zaidi ya mara moja.

Kikosi cha benga ni kidogo: solo, ridhimu, besi, drams na waimbaji. Mwimbaji akimaliza mstari, solo humjibu. Besi nayo haijifichi nyuma. Hurukaruka ikishindana na solo. Kisha sauti hunyamaza, magitaa yakaushika wimbo, na uwanja ukajaa. Santuri ndogo iliukata wimbo huo vipande viwili, kila upande dakika chache tu.

Jukwaani hakuna anayekata. Kiongozi huwaangalia wachezaji: wakiwa na nguvu bado, humwongezea mpiga solo mzunguko mwingine, wakilegea, hurudisha beti. Halafu huja pakruok, desturi ya Waluo ambamo msikilizaji hutoa pesa, ala zikashushwa, naye akajisifu au akamsifu rafiki yake. Mkongwe huyapokea majina hayo, huyatia katika ubeti papo hapo, na kuirudisha bendi kwenye mwendo bila drams kuyumba. Anajua nani ni mkwe wa nani, nani amefiwa, na sifa ipi itazua ugomvi. Hayo hayamo katika santuri yoyote, wala kijana hawezi kuyajifunza akiwa peke yake na simu.

Ndiyo maana nayasema haya hapa. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto East walianza kuhamishiwa nyumba za Lang'ata ili eneo hili lijengwe upya. Watu wanahitaji nyumba, maji na vyoo, na wamesubiri mno. Lakini mtaa unaojengwa bila ukumbi huwanyima wazee mahali pa kufundishia na vijana mahali pa kujifunzia.

Kwa hiyo nawaomba wapangaji wa jiji watenge ukumbi wa muziki katika kila awamu ya ujenzi. Naviomba vyuo vikuu vimwajiri kiongozi mkongwe kama mkufunzi, kwa mshahara wa mkufunzi, kwa kuwa anachokijua hakuna profesa anayekijua. Na tunapomrekodi, turekodi onyesho zima, pamoja na pakruok na wachezaji wake, tukimlipa angali hai. Rambirambi na hotuba za matanga hazijawahi kumfundisha kijana yeyote kuongoza bendi.