Damu ya Ubongo kwa Mgonjwa Angojaye Operesheni ya Moyo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mara nyingi Chama huombwa kuwasaidia jamaa wanaochanga fedha za operesheni ya moyo huko Nairobi. Fedha huhesabiwa kwa uangalifu, nalo ni jambo jema. Lakini ile miezi ya kungoja, ambayo mgonjwa huikaa nyumbani Imenti, Chuka au Runyenjes, haiangaliwi na mtu. Nataka kusema habari ya miezi hiyo, na hasa habari ya kichwa cha mgonjwa.

Wengi wenu mmepata kuchimba mifereji ya kuleta maji kutoka mito ya Mlima Kenya. Mfereji ukizibwa na mawe, huchimbwa mwingine kando yake, maji yakapita. Operesheni hii ni vivyo hivyo: daktari huchukua mshipa wa mguuni au wa kifuani, akauunganisha ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Tabibu Favaloro wa Argentina ndiye aliyeieneza kazi hii tangu mwaka 1967, akiwa Cleveland, Marekani.

Ubongo nao, ingawa uzito wake haufiki kilo moja na nusu, hupokea kama robo tatu ya lita ya damu kila dakika. Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne ya shingo. Mafuta yazibayo mishipa ya moyo hayachagui mahali. Mara nyingi yamekwisha kuingia shingoni pia, na moyo dhaifu huisukuma damu kwa shida. Kati ya wagonjwa mia wapasuliwao, mmoja au wawili hivi hupatwa na kiharusi. Kwa hiyo jamaa na wamwulize daktari mapema kama yafaa mishipa ya shingo ipimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Hapa nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Mzee akianza kusahau, au akichelewa kujibu barazani, sisi husema ni uzee, na wengine hunong'ona kwamba amevunja kiapo. Kwa mgonjwa wa moyo yawezekana ni upungufu wa damu kichwani, au dawa, au sukari. Na aonwe na daktari. Hata baada ya operesheni wengine hukaa majuma kadhaa wakiwa wazito wa fikra, kisha wakapata nafuu. Kumtia mtu sahihi ya shamba katika majuma hayo si haki, nami nawaomba Wazee wakatae kuishuhudia.

Mgonjwa asiache dawa za shinikizo la damu, wala asimeze mara mbili kwa hofu, maana ubongo uliozoea shinikizo kubwa hukosa damu likishushwa ghafula. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au ulimi ukawa mzito, msingoje kupambazuke. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na sharti kichwa kipigwe picha kwanza. Kutoka Maua hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 250! Basi kila nyumba yenye mgonjwa iulize leo ni hospitali gani ya karibu iliyo na mashine hiyo.

Na miraa je? Najua nasema mbele ya watu wa Igembe, ambao hupeleka fungu lake katika posa, na wenzetu wa Mbeere wasomeshao watoto kwa muguka. Sigusi biashara ya mtu. Lakini majani hayo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa huyu asiyatafune. Aweza kulipokea fungu kwa heshima, akampa aliyeketi karibu naye.

Bwana Mwenyekiti, mpaka sasa Chama kimelipa jeneza upesi kuliko nauli ya kwenda kliniki. Naomba Kamati itenge fedha za nauli na vipimo kwa mgonjwa angojaye, kabla ya kuitwa harambee yenyewe. Bwana Mweka Hazina atatueleza fedha hizo zaweza kutoka fungu gani.