Mitambo Inaposimama: Katibu Awaambie Nini Wanachama?

(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya Kinondoni na Temeke)



Katikati ya Mei 2021 wakazi wengi wa Dar es Salaam, toka Bunju hadi Mbagala, walishindwa kununua umeme wa LUKU kwa siku kadhaa. Umeme ulikuwamo katika nyaya. Kilichokosekana ni zile tarakimu 20 ambazo mnunuzi huziingiza katika mita yake. Foleni zilijaa kwenye ofisi za TANESCO, na Waziri wa Nishati wa wakati ule, Dk. Medard Kalemani, akaagiza maofisa watatu wa TEHAMA wasimamishwe kazi.

Adhabu ni jambo la wakubwa. Linalowahusu makatibu ni saa za mwanzo. Mwenye jokofu la samaki pale Rangi Tatu, akijulishwa asubuhi kwamba tarakimu hazipatikani, atatafuta barafu. Akijulishwa jioni, mali imekwisha oza.

Vyama vingi vya akiba na mikopo sasa huweka leja zao katika kompyuta. Siku kompyuta inapogoma, husikika dirishani neno moja tu: "Mtandao unasumbua." Neno hilo halimsaidii mzazi aliyepanda daladala mbili kufuata fedha za matibabu ya mtoto. Arudi lini? Akiba yake ipo? Hakuna njia nyingine?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Ubalozi wa Marekani ulitangaza kwamba ungefungwa kwa umma siku mbili, kwamba miadi ingepangwa upya, na kwamba raia wake wenye dharura wangeendelea kuhudumiwa. Sababu, muda, na njia iliyobaki: tangazo fupi, lakini limetosha.

Chama cha msingi chaweza kufanya vivyo hivyo kwa karatasi moja mlangoni:

"Tangu saa 2.30 asubuhi kompyuta ya leja haifanyi kazi. Amana zinapokewa kwa stakabadhi ya mkono. Malipo yamesimama, isipokuwa ya ugonjwa na msiba. Mhusika amwone mtunza hazina. Tangazo jingine litabandikwa saa 6.00 mchana, hata kama hali haijabadilika."

Katibu asiahidi saa ya kutengemaa, kwani fundi mwenyewe haijui. Aahidi saa ya tangazo lijalo, maana hiyo imo mikononi mwake. Wala asiandike kwamba akiba zote ni salama kabla hajahakikisha.

Walio mbali wapelekewe ujumbe mfupi wa simu, ambao hauhitaji intaneti. Lakini orodha ya namba za wanachama iwe pia katika daftari. Ikiwa imo ndani ya kompyuta peke yake, itazimika pamoja nayo. Ni ajabu jinsi jambo hili dogo linavyosahauliwa.

Mtambo ukirudi, stakabadhi zote za mkono ziingizwe katika leja siku hiyohiyo, mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, ndipo karatasi ya mlangoni ibanduliwe.