Mfungaji Bora Hupimwaje?



Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya hesabu. Lakini msiondoke, maana ni hesabu ya mabao. Siku moja nilikuwa nimeketi barazani kwa mwenyeji wangu, pale Picha ya Ndege, Kibaha, kando ya njia kuu iendayo Morogoro, nikamsikia mzee mmoja akibishana na mjukuu wake. Wote wawili ni wapenzi wa Simba. Kijana alisema, "Babu, katika Simba hajapata kutokea mfungaji kama Kagere. Alifunga mabao 23!" Mzee akajibu polepole, "Mgosi alifunga 18, naye ni zaidi." Kijana akacheka sana, akidhani babu yake amesahau kuhesabu.

Mimi nilicheka pia, kisha nikaomba karatasi.

Kila msimu wa Ligi Kuu unapokwisha, mchezaji aliyefunga mabao mengi kupita wenziwe huitwa mfungaji bora. Simba imewatoa wengi. Msimu wa 2009/10 alikuwa Mussa Hassan Mgosi, mabao 18. Msimu wa 2013/14 alikuwa Amissi Tambwe, mtu wa Burundi, mabao 19. Msimu wa 2017/18 Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga 20, na msimu uliofuata Meddie Kagere wa Rwanda akafunga hayo 23 ya kijana wetu. Mkiyatazama mabao peke yake mtaona ngazi inayopanda: 18, 19, 20, 23. Mtu aweza kusema kwamba wafungaji wanazidi kuwa hodari mwaka hata mwaka.

Lakini yapasa tuulize, walicheza michezo mingapi? Wakati wa Mgosi ligi ilikuwa na timu 12, na kila timu ilicheza michezo 22. Wakati wa Tambwe timu zilikuwa 14, michezo 26. Wakati wa Okwi zilikuwa 16, michezo 30. Wakati wa Kagere zilifika 20, na michezo ikawa 38. Basi wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme kila mmoja wao angalipata ligi ya michezo 100 na kuendelea kufunga vile vile. Mgosi angalifunga mabao 82, Tambwe 73, Okwi 67, Kagere 61. Ngazi ile ile sasa inashuka! Mzee hakuwa amesahau kuhesabu. Mjukuu ndiye aliyehesabu nusu.

Jambo hili Wamarekani walilitambua zamani katika mchezo wao wa besiboli. Huko mtu husimama na gongo, mwenzake humrushia mpira kwa nguvu, naye hujaribu kuupiga na kukimbia hata afike salama kwenye kituo cha kwanza. Mpigaji bora wa mwaka hachaguliwi kwa wingi wa mapigo aliyofanikiwa, bali kwa sehemu: katika kila mara 1,000 alizojaribu, angalifanikiwa mara ngapi? Na ili mtu asijaribu mara mbili tu, akafanikiwa zote, akaenda kuketi na kudai taji, sheria yao ya leo yataka awe amesimama kupiga mara 502 katika msimu wa michezo 162.

Timu ya Boston Red Sox ilikuwa na mpigaji aitwaye Ted Williams, aliyelipata taji hilo mara sita. Mwaka 1941, ilipobaki siku moja tu ya mchezo, alikuwa amejaribu mara 448 na kufanikiwa mara 179. Gawanyeni, mtapata 399 na zaidi ya nusu katika kila 1,000, nao kwa desturi yao wangaliandika 400, hesabu ambayo ni wachache sana wameifikia. Mkuu wa timu alimwambia kwamba aweza kupumzika, asiihatarishe. Williams akakataa. Siku ile, tarehe 28 Septemba, palikuwa na michezo miwili mjini Philadelphia, akacheza yote miwili, akajaribu mara 8 na kufanikiwa 6. Alimaliza na 406. Hata leo hakuna aliyefika 400 tena katika msimu mzima wa ligi hizo mbili kubwa. Mabao ya mpira wa miguu hayana hatari ya namna hiyo, kwa maana bao likishafungwa halipungui kwa kucheza tena. Lakini sehemu hupungua.

Sharti nikiri kwamba hesabu niliyowapeni ina kasoro. Nimegawanya kwa michezo ya ligi, si kwa michezo aliyoingia mchezaji mwenyewe uwanjani. Tena yako mambo ambayo kugawanya hakuyaonyeshi. Msimu wa 2022/23 Saidi Ntibazonkiza wa Simba na Fiston Mayele wa Yanga walilingana kwa mabao 17. Ntibazonkiza alifunga matano katika siku moja, dhidi ya Polisi Tanzania. Na mengine alikwisha kuyafunga akiwa Geita Gold kabla hajaja Simba.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yule wetu wa Mlandizi?"

Hapo mzee aliinua kichwa. Mlandizi haiko mbali na Kibaha, na katika uwanja wake wa Mabatini ilicheza Ruvu Shooting. Msimu wa 2016/17 Abdulrahman Mussa wa timu hiyo alifunga mabao 14, akalingana na Simon Msuva wa Yanga, timu iliyotwaa ubingwa mwaka ule. Watu wengi huyadharau mabao 14, husema ni machache mno kwa mfungaji bora. Nikagawanya kwa michezo 30, yakawa 47 katika kila 100. Kisha nikamchukua John Bocco, mfungaji bora wa Simba msimu wa 2020/21, msimu ambao Simba yenyewe ilikuwa bingwa: mabao 16 katika michezo 34. Yakawa 47.

Ruvu Shooting ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23. Mzee aliichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa kanzu. Mjukuu akaomba aandikiwe nyingine, apate kwenda nayo shuleni.